Mwenye Lehemu Asitengewe Sufuria



Juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona kuwa ni la jikoni mno kwa padre kulisemea. Nalisemea kwa sababu nimelikuta katika nyumba nyingi ninapozunguka kuwatembelea wazee na wagonjwa, nalo hufanana kila mahali. Baba au mama aliyepita umri wa miaka 50 amepimwa damu, akaambiwa kwamba lehemu yake imezidi. Kuanzia siku ile nyumba inagawanyika kwa sufuria. Kuna chakula cha watu, yaani wali wa nazi, nyama ya kukaanga na mchuzi ulioungwa ukaungika. Na pembeni ya jiko kuna kisufuria cha mgonjwa, chenye kabichi iliyochemshwa bila kitunguu, na kipande cha samaki wa chukuchuku asiyeonja hata limau. Wenzake wanakula mezani kwa vicheko. Yeye anakula kwenye kochi akiitazama taarifa ya habari.

Mwezi wa kwanza huvumilia. Mwezi wa pili huanza kutoka jioni kwenda kunyoosha miguu, na miguu hiyo humpeleka kwenye banda la nyama choma. Ifikapo mwezi wa tatu, karatasi ya maabara imekwisha kufichwa kabatini chini ya vitambaa vya meza, na mtu akikumbushia, hujibiwa kwamba binadamu hafi kwa nyama, hufa siku yake ikifika.

Wanafamilia husema mzee ni mbishi. Mimi naona kwamba kile kisufuria ndicho kilichomshinda. Mtu aliyeondolewa kwenye sinia la wenzake ameondolewa kwenye mambo mengi zaidi ya mafuta: amenyimwa mazungumzo, heshima ya kukaribishwa, hata haki ya kulalamika kwamba pilipili imezidi. Hakuna masharti ya chakula yatakayodumu kwa namna hiyo, nayo hayana budi kudumu, kwa kuwa lehemu haishughulikiwi kwa siku chache kama malaria. Yafaa sufuria ya nyumba nzima ndiyo ibadilike, na ibaki kuwa tamu. Jambo hili linawezekana, tena kwa vyakula tunavyovijua tangu utoto.

Kwanza tuielewe lehemu yenyewe, au kolesteroli kama wengi wanavyoiita hospitalini. Si sumu. Mwili huihitaji kwa kujenga kuta za chembe hai, kutengeneza baadhi ya homoni na kutengeneza nyongo inayosaidia kuyeyusha mafuta ya chakula. Sehemu kubwa ya lehemu hatuili kabisa. Hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo karakana yake kuu. Ile inayosafirishwa katika damu ndani ya vifurushi viitwavyo LDL ndiyo inayotutia hofu, kwa sababu ikizidi kwa miaka mingi hujipenyeza katika kuta za mishipa, ikaifanya kuwa minene na myembamba njia yake, hata siku moja damu isifike kwenye moyo au ubongo. Katika safari hiyo ndefu mtu hasikii maumivu yoyote. Ndiyo maana anayesema "mimi najisikia vizuri" hajasema lolote juu ya lehemu yake. Kipimo cha damu ndicho kinachosema.

Sasa, kinachoisukuma LDL kupanda kupitia chakula ni nini hasa? Kwa watu wengi si yai, ingawa kiini chake kina lehemu nyingi, karibu miligramu 185. Mwili wa mtu mwenye afya hujirekebisha kwa kiasi fulani anapokula lehemu, na mwaka 2015 hata mwongozo wa lishe wa Marekani uliacha kutaja kile kikomo cha zamani cha miligramu 300 kwa siku. Yai moja kwa siku si tatizo kwa mtu wa namna hiyo, ila mwenye kisukari au lehemu iliyokwisha kupanda aulize kwa daktari wake. Kinachosukuma zaidi ni yale mafuta yanayoelekea kuganda: shahamu ya nyama, siagi, samli, mafuta ya mawese, mafuta ya nazi. Haya hulifanya ini lisiiondoe LDL katika damu kwa bidii yake ya kawaida. Mabaya kuliko yote ni mafuta ya maji yaliyogandishwa nusu kiwandani, ambayo huipandisha LDL na papo hapo kuishusha HDL, ambayo ni ile aina inayohesabiwa kuwa njema. Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 kwamba mafuta hayo yaondolewe katika vyakula duniani kote. Kwa hiyo chipsi mayai ina kesi ya kujibu, lakini mshitakiwa wa kwanza ni karai, na hasa yale mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi.

Ninapofika hapa, hakosekani wa kuniuliza: "Baba Paroko, na Wamasai je? Mbona wao ni nyama na maziwa, na mioyo yao ni mizima?" Swali hili ni zuri, nalo liliwasumbua wataalamu kabla yetu. Daktari Mmarekani George Mann aliwachunguza Wamasai wa nchi yetu katika miaka ya 1960, akachapisha mwaka 1964 kwamba wanaume wale, pamoja na maziwa yote yale, walikuwa na lehemu ndogo katika damu na dalili chache mno za ugonjwa wa moyo. Wengi huishia hapo wakaagiza kilo ya pili. Lakini mwaka 1972 Mann na wenzake walichapisha uchunguzi mwingine, wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokuwa wamefariki. Wakakuta kuta za mishipa zimekuwa nene karibu sawa na za wazee wa Marekani. Kilichokuwa tofauti ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, hata damu ikaendelea kupata njia, nao wakahisi kwamba sababu ni mwendo mkubwa wa miguu wa maisha yao yote. Kwa hiyo anayetaka kujitetea kwa Wamasai na aanze kwa kuacha bodaboda.

Lakini mfano unaonigusa zaidi unatoka mbali na kwetu, katika nchi ya baridi na siagi. Jimbo la Karelia Kaskazini liko mashariki mwa Finland, mpakani na Urusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaume wa huko walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani, wengi wakiwa bado na nguvu za kazi na watoto wadogo. Wananchi wenyewe wakapeleka ombi serikalini, na mwaka 1972 ukaanza mradi ulioongozwa na daktari kijana, Pekka Puska. Angeweza kujifungia kliniki akagawa makaratasi ya makatazo. Badala yake alikwenda kwa akina mama. Kulikuwa na chama cha wanawake wa majumbani kiitwacho Martha, chenye matawi vijijini, na kwa njia yake wakaandaa mikusanyiko waliyoiita karamu za maisha marefu: wanapika pamoja, wanakula pamoja, wanazungumza.

Pale hapakuwa na sufuria ya mgonjwa. Walikichukua chakula chao cha heshima, ule mchuzi wa Kikarelia wa nyama yenye mafuta, wakapunguza nyama, wakaongeza viazi na mboga za mizizi, kisha wakauweka mezani kwa watu wote. Siagi ikaanza kuachia nafasi mafuta ya mbegu. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walilalamika, na haikuwa ajabu, kwa maana siagi ilikuwa mkate wao. Baadhi wakasaidiwa kuingia katika kilimo cha matunda madogo yanayostawi huko. Baadaye vijiji vikashindana kijiji kwa kijiji, kuona ni kipi kitashusha lehemu zaidi. Mradi ulipigana pia na sigara na shinikizo la damu, lakini sehemu kubwa ya mafanikio hesabu zao huipa lehemu iliyoshuka. Katika muda wa miaka 35 hivi, vifo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Nawaza juu ya akina mama wa WAWATA wa parokia zetu, ambao wanaweza kuwapikia watu 400 kwa mafiga tisa na hakuna atakayelala njaa. Chama cha Martha kilikuwa na nini ambacho wao hawana?

Labda mtu atasema kwamba chakula kinaweza kusaidia kidogo tu. Mwaka 2003 Daktari David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu 46 wenye lehemu iliyopanda. Kundi moja lilipewa chakula chenye mafuta kidogo tu. La pili chakula hicho hicho pamoja na kidonge cha lovastatin. La tatu chakula kilichokusanya soya, lozi, siagi ya mimea yenye virutubisho maalumu, na vyakula vyenye nyuzi zinazoteleza. Baada ya mwezi mmoja LDL ilishuka kwa asilimia 8 katika kundi la kwanza, karibu 31 katika la pili, na karibu 29 katika la tatu. Chakula kilikuwa kinapumua kisogoni mwa kidonge. Ni kweli kwamba watu wale waliandaliwa chakula kwa uangalifu mkubwa, na nyumbani mambo huwa ya wastani zaidi. Lakini nilipoitazama orodha ya zile nyuzi zinazoteleza, pamoja na shayiri nikakuta bamia na biringanya.

Bamia! Ile tunayowalazimisha watoto waimeze. Utelezi wake, kama ule wa mlenda ambao wenyeji wa Dodoma na Singida hutaniwa kwao kila siku, ni nyuzi zinazoyeyuka katika maji. Zikifika tumboni huikamata nyongo na kuondoka nayo chooni. Ini likiona nyongo imepungua, hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni lehemu, ambayo hulichukua kutoka katika damu. Maharage, kunde, mbaazi, choroko na dengu hufanya kazi ya jinsi hiyo. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa Kanada mwaka 2014 ulionyesha kwamba gramu 130 hivi za jamii ya kunde zilizopikwa, kila siku, huishusha LDL kwa asilimia 5. Hapa najua nawagusa waliosoma seminari na shule za bweni, ambao makande waliyala kwa miaka sita, na siku ya kumaliza wakaapa kutoyagusa tena. Nawasihi wasamehe. Yale ya bweni yalipikwa na mtu aliyekuwa akipikia watu mia tano. Ya nyumbani yapo ya karoti, kitunguu, nyanya na karanga za kusaga, na hayo ni chakula kingine kabisa.

Tukirudi jikoni, jambo la kwanza ni chupa ya mafuta. Katika kila gramu 100 za mafuta ya nazi, zaidi ya 80 ni ya kundi lile linaloganda. Mawese ni karibu nusu. Alizeti ni kama 11. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko maneno yote ninayoweza kuandika, nayo alizeti yalimwa hapa hapa kwetu. Mafuta ya kuganda ya kopo hayafai kuwa ya kila siku, hata kama maandazi huwa laini zaidi. Simwambii mtu wa pwani aache nazi, kwa maana atanifungia mlango. Lakini kila mpishi wa pwani anajua kwamba kuna tui la kwanza na tui la pili. Kunde zikipikwa kwa tui jepesi, kisha zikamaliziwa kwa vijiko vichache vya tui zito kabla ya kuipua, harufu ya nazi itakuwapo yote, na mafuta yatakuwa yamepungua sana. Kisamvu hupendeza kwa karanga pia, na mafuta ya karanga kwa sehemu kubwa si ya kuganda. Parachichi lililopondwa kwa chumvi kidogo na ndimu hupakwa kwenye mkate mahali pa siagi, na sasa yanalimwa kwa wingi Njombe, Rungwe na Kilimanjaro, watoto hawatalalamika.

Nyama nayo ina njia zake. Mbuzi kwa kawaida ana mafuta kidogo kuliko ng'ombe wa kunenepeshwa. Kuku aondolewe ngozi kabla ya kupikwa, maana mafuta yake mengi yamelala pale. Supu ipikwe jioni na kulazwa. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu kama sahani, yaondolewe kwa kijiko, kisha supu ichemshwe upya na pilipili, tangawizi na ndimu. Kwa walio Makete au Mufindi hata jokofu halihitajiki. Samaki aokwe, au apikwe kwa nyanya, bizari na ukwaju. Ukwaju na ndimu hufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo watu hudhani inafanywa na mafuta. (Hapo niseme pembeni juu ya Kwaresima: mtu anayejinyima nyama siku ya Ijumaa kisha akala sangara aliyezama katika karai la mafuta ametimiza sheria ya Kanisa, lakini mishipa yake haikupata mfungo wowote.) Na wanywaji wa kahawa chungu ya kuchemshwa, isiyochujwa, wajue kwamba ina vitu vinavyopandisha lehemu, ambavyo karatasi ya kuchujia huvizuia. Vikombe viwili barazani sivipingi. Birika zima ndilo nalotilia shaka.

Yako mambo yanayoenezwa kwa simu ambayo sharti niyaseme waziwazi. Maji ya moto ya asubuhi hayayeyushi mafuta katika mishipa, kwa kuwa yakifika kwenye damu yamekwisha kuwa na joto la mwili kama kila kitu kingine mwilini. Maji baridi nayo hayagandishi kitu, kwa sababu hiyo hiyo. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, nami nakipenda. Athari yake kwa lehemu ni ndogo, wala si sababu ya mtu kuacha dawa. Hili la kuacha dawa ndilo linalonikosesha usingizi. Wapo waliozaliwa na maumbile yanayoizuia LDL kuondoka katika damu, kama mtu mmoja katika kila watu 300 hivi, na hao hata wakila mlenda asubuhi, mchana na jioni, chakula peke yake hakitawatosha. Wapo pia waliokwisha kupata kiharusi au mshituko wa moyo. Hao wote dawa ni haki yao wala si aibu, na mwenye kuwaambia kwamba kumeza kidonge ni kukosa imani anawadhuru. Kidonge na bamia havigombani. Swali la dozi lipelekwe kwa daktari, si kwa Paroko, wala kwa mwenyekiti wa jumuiya.

Imebaki meza ya sherehe, ambayo ndipo yote haya hupimwa. Kwetu heshima ya mgeni hupimwa kwa nyama na mafuta yanayong'aa juu ya pilau. Mama aliyeweka kunde mbele ya wageni huogopa kusemwa kwamba amebana. Nami ni shahidi mwenye kunufaika, kwa kuwa yasemwa kuku wa kijiji wakiona gari la padre hutafuta uvungu. Sitaki sherehe zetu zikauke, wala Kristo hakufanya muujiza wake wa kwanza ili harusi ipungukiwe. Kula nyama iliyonona siku ya harusi ya mwanao hakukuumizi kama kula hivyo kila Jumamosi bila harusi. Lakini sikukuu zetu zimekuwa nyingi: komunyo ya kwanza, kipaimara, jubilei, send-off, kitchen party, arobaini. Anayealikwa kote huko hana tena siku ya kawaida.

Kwa hiyo nawaomba akina mama wa kamati za chakula mnisikilize kwa uvumilivu. Sherehe ijayo ya kipaimara ipikwe kwa mafuta ya maji, na yapimwe kwa kikombe badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu. Kachumbari iwe ya kutosha hata kwa wa mwisho kwenye foleni. Na lile sufuria la kunde liwekwe mwanzoni mwa meza, kabla ya wali na nyama, mahali ambapo mtu hukuta sahani yake ikiwa bado tupu. Siyo mwishoni kabisa lilikozoea kukaa, karibu na ndoo ya kunawia mikono.